Uasi wa Wanajeshi wa Januari 1964: Namna Ulivyombadilisha Nyerere, na Namna Ulivyombadilisha Obote



Vijana wetu hutuuliza darasani, na bila shaka nanyi mnaulizwa majumbani, kwa nini jirani zetu wa Tanzania hawajawahi kupinduliwa na jeshi hata mara moja, ilhali sisi hapa Uganda tumepitia mapinduzi ya 1971, vita vya 1979, mapinduzi mengine ya 1985 na vita vya msituni vilivyofika Kampala Januari 1986. Jibu la haraka linalotolewa vibarazani ni kwamba Watanzania ni watu wapole. Sisi hatuliamini sana jibu hilo. Jeshi la Tanganyika liliasi siku tatu kabla ya jeshi letu, na rais wao alilazimika kujificha, jambo ambalo halikumpata kiongozi wetu katika juma hilo. Tukitaka kujua njia zilipoachana, inatubidi turudi kwenye juma moja la Januari 1964, tuangalie viongozi walifanya nini askari walipowageukia.

Kwanza tukumbushane hali ilivyokuwa. Majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yalikuwa mtoto wa mama mmoja, yaani King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Uhuru ulipokuja, majina ndiyo yaliyobadilika. Kule ikawa Tanganyika Rifles, hapa Uganda Rifles, Kenya ikawa Kenya Rifles. Waliobaki juu ni maofisa wa Kiingereza, na askari wa kawaida aliendelea kupokea mshahara ule ule wa kikoloni. Tanganyika askari wa chini alikuwa akipata shilingi 105 kwa mwezi. Huku anaona karani aliyesoma naye amepandishwa cheo, mwanasiasa aliyekuwa akitembea kwa miguu sasa ana gari, na yeye anapigiwa saluti na nani? Yeye ndiye anayempigia Mzungu saluti, mwaka wa tatu baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa rais tangu Desemba 1962. Ukimtazama kabla ya uasi unamwona kiongozi aliyeamini kwamba vyombo alivyovirithi vitafanya kazi yao vikiachwa vifanye. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alikuwa ameuacha uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama cha TANU. Si kiongozi mwenye wasiwasi anayefanya hivyo. Na mapema Januari 1964 alitoa agizo kwamba katika utumishi wa serikali upendeleo wa kuwapa Waafrika nafasi kwa rangi yao ukome, raia wote wahesabiwe sawa. Kwa maadili ni agizo zuri, na sisi tunaliheshimu. Lakini kwa askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, lilisikika vingine kabisa. Walielewa kwamba maofisa wa Kiingereza hawaondoki.

Tarehe 12 Januari yakatokea mapinduzi ya Zanzibar. Serikali ya Tanganyika ikapeleka huko askari polisi wapatao 300 kusaidia kutuliza hali, na Dar es Salaam ikabaki na polisi wachache. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20, king'ora kikalia kambini Colito, ambako leo panaitwa Lugalo. Kwa hesabu ya Hijria zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1383, na saa zenyewe zilikuwa za kukaribia daku. Askari waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini, wakashika kituo cha redio, uwanja wa ndege na vituo vya polisi, wakaizingira Ikulu. Walitaka mambo mawili, maofisa wa Kiingereza waondoke na mshahara upande hadi shilingi 260.

Rais hakuwepo Ikulu walipofika. Walinzi wake, wakiongozwa na Peter Bwimbo, walikuwa wamemtoa yeye na Kawawa usiku ule ule na kuwavusha upande wa Kigamboni, wakafichwa huko. Waziri wa mambo ya nje na ulinzi, Oscar Kambona, ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi ana kwa ana, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba alionyesha ushujaa mkubwa. Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwa ndege. Mjini maduka yakaporwa, na zaidi ya watu 10 wakauawa. Siku ya pili batalioni ya Tabora nayo ikaasi.

Hebu tujiweke mahali pa mtu huyo. Rais wa nchi, aliyechaguliwa kwa kura nyingi mno, amekaa kwenye nyumba ya mtu ng'ambo ya bandari, hajui kama bado ana serikali. Tarehe 21 akasikika redioni, na siku iliyofuata akatembea mitaani kuwapa watu pole na kujionyesha kwamba yu hai. Lakini kutembea mitaani hakukulirudisha jeshi mikononi mwake. Ziliposikika habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanawasiliana na askari, ikawa hakuna tena nafasi ya kusubiri. Tarehe 24 akaomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 25, makomando waliotoka kwenye manowari ya HMS Centaur, iliyokuwa imekuja kutoka Aden, wakatua Colito kwa helikopta. Kwa muda mfupi mno uasi ukaisha. Askari watatu waliuawa.

Aibu hiyo tunaiona kuwa ndiyo kiini cha habari yote. Mtu aliyesimama mbele ya dunia kudai uhuru, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi Mei 1963, amewaita wakoloni wa jana waje wamwokoe kutokana na askari wake mwenyewe. Wengine wangeificha aibu ya namna hiyo au wangeipaka rangi. Nyerere aliita mkutano wa dharura wa mawaziri wa Afrika papo hapo Dar es Salaam, Februari 1964, akaeleza mbele yao lililotokea na kuomba jeshi la Kiafrika lije lichukue nafasi ya Waingereza. Wakaja Wanigeria.

Wakati huo moto ulikuwa umeshavuka mipaka. Alhamisi tarehe 23, askari wetu wa Jinja nao waligoma. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao, walimshikilia mpaka akakubali kupandisha mishahara kwa zaidi ya mara mbili. Waziri Mkuu Milton Obote naye akawaita Waingereza, na siku ile ile ya tarehe 25 kambi ya Jinja ikazingirwa. Kenya, iliyokuwa na uhuru wa wiki sita tu, ikaonja yake usiku wa tarehe 24 kwenye kambi ya Lanet, Nakuru. Mzee Kenyatta hakuwa na mazungumzo na waasi, aliwapeleka mahakama ya kijeshi, kisha akaendelea kuwaweka maofisa wa Kiingereza na kutia saini mapatano ya ulinzi na Uingereza mwaka huo huo. Njia yake ina hadithi yake, hatutaiingia leo.

Basi Waingereza walipokwisha kuzima moto, Nyerere na Obote walikuwa na tatizo moja, nalo ni nini cha kufanya na jeshi ambalo limegundua kwamba linaweza kumtisha mtawala.

Nyerere alilivunja. Hatusemi alilipunguza wala alilifanyia marekebisho. Alilivunja jeshi zima, akawarudisha askari makwao, akabaki na nchi isiyo na jeshi la kwake kwa miezi kadhaa, ikilindwa na wageni. Walioongoza uasi walishtakiwa, na sajini Francis Hingo Ilogi aliyekuwa kinara wao akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Rais alisema wazi kwamba adhabu zilizotolewa zilikuwa nyepesi kupita kiasi, lakini akasema pia kwamba hatazigusa, kwa kuwa mahakama ikishaamua na mtawala akabadilisha kwa hasira yake, sheria haipo tena. Tunapenda kulikumbusha jambo hilo kwa sababu lilifanywa na mtu ambaye miezi michache nyuma askari hao walikuwa wanamtafuta usiku.

Kisha akaanza upya. Vijana wa TANU Youth League waliitwa wajiandikishe, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, ambalo leo tunalijua kwa jina la JWTZ, chini ya Mrisho Sarakikya. Askari wa Keya alikuwa amefundishwa kwamba siasa haimhusu. Askari huyu mpya aliruhusiwa kuwa mwanachama wa chama, akafundishwa kwa nini anashika bunduki na kwa niaba ya nani. Wataalamu wa siasa za Magharibi walilaumu sana, wakisema jeshi lisichanganywe na chama. Lakini jeshi lisilochanganywa na chochote ndilo lililoasi Colito.

Hapo ndipo unapomwona rais aliyebadilika. Aliyekuwa akiviachia vyombo alivyorithi sasa haachi tena chombo chochote kisimame peke yake. Tarehe 28 Januari, siku tatu tu baada ya makomando kutua, alitangaza tume ya kutengeneza katiba ya chama kimoja. Wazo lenyewe TANU ilikuwa nalo tangu mwaka mmoja nyuma, lakini kasi ile ilitokana na uasi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi zaidi ya 200 walitiwa kizuizini, na Februari hiyo shirikisho lao likavunjwa na kuundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na rais mwenyewe na alikuwa waziri wa kazi. Sasa fikiria mfanyakazi anayetaka kuishtaki serikali kwa chama chake, na mkuu wa chama chake anakaa baraza la mawaziri! Aprili 26 ukaja Muungano na Zanzibar. Mwaka 1965 ukafanyika uchaguzi wa chama kimoja, ingawa kwa uadilifu tuseme kwamba kila jimbo liliwekewa wagombea wawili na wananchi wakamwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani.

Mtindo huo wa kuvunja chombo kinachojitegemea na kuweka cha kitaifa mahali pake uliifikia pia jamii yetu. Desemba 1968 serikali ya Tanzania iliipiga marufuku East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa ufadhili wa Aga Khan na iliyojenga shule na misikiti Afrika Mashariki nzima, hapa kwetu ikiwemo. Upande wa Tanzania ikabaki BAKWATA. Kuna wanaosema jumuiya ilikuwa imeshagawanyika yenyewe kwa ugomvi wa viongozi wake, na kuna wanaosema serikali iliuchochea ugomvi huo ili ipate sababu. Sisi tunaona kwamba hata bila ugomvi huo ingekuwa vigumu kwa chombo kikubwa kama kile, chenye fedha zake na wanachama wake katika nchi tatu, kuachwa salama na rais aliyejifunza siasa Januari 1964. Tulipoteza shule ambazo zingekuwa zimesomesha baba zetu na mama zetu. Anayemsifu Nyerere kwa kulitawala jeshi ni lazima alipe na hesabu hii, asiikwepe.

Lakini uasi ulimfundisha pia jambo lingine, nalo ndilo linalotufanya tusimweke kapu moja na watawala wengine walioogopa. Askari wa Colito walikuwa wakidai mshahara, na dai hilo halikumtoka kichwani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga mpango wa kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mshahara pungufu, wakasema wao watatumikia kwa miili lakini si kwa mioyo. Aliwakasirikia sana, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa chuo. Hata hivyo katika hasira ile ile alikubali kwamba mishahara ya wakubwa imepita kiasi, na papo hapo akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo kiongozi yeyote wa chama au serikali lilimkataza kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Uchumi uliofuata ulikuwa na matatizo makubwa, wote tunajua foleni za sukari na sabuni zilivyokuwa. Ila askari wa Tanzania hakuwa na sababu ya kusema kwamba wakubwa wanakula peke yao, kama walivyosema wenzake wa 1964.

Tugeuke sasa nyumbani. Obote wa 1964 alikuwa mtu wa mapatano. Aliingia madarakani kwa kuunganisha chama chake cha UPC na Kabaka Yekka, na Oktoba 1963 akakubali Kabaka Mutesa wa Pili awe rais wa nchi. Baada ya Jinja baadhi ya waasi walifukuzwa, lakini mishahara mipya ilibaki, jeshi likapanuliwa haraka, na maofisa Waganda wachache waliokuwepo wakapandishwa vyeo mbiombio. Mmoja wao alikuwa Idi Amin, aliyekuwa meja mwaka 1963 na mwaka 1964 akawa naibu kamanda wa jeshi. Kwa maneno mengine, Nyerere alitoka kwenye uasi akiwa na hakika kwamba jeshi lile halifai, na Obote alitoka akiwa na hakika kwamba jeshi likilishwa vizuri litamtii anayelilisha.

Haikuchukua muda kulitumia. Februari 1966 bunge lilipitisha hoja Amin asimamishwe kazi kwa tuhuma za dhahabu ya Kongo, na Obote mwenyewe akatajwa. Badala ya kumsimamisha alimpandisha, akawakamata mawaziri wake watano wakiwa kwenye kikao cha baraza, akaisimamisha katiba. Aprili akaleta katiba mpya iliyomfanya rais, wabunge wakaambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua, na ndiyo maana wazee huiita Katiba ya Pigeonhole. Mei 24 jeshi chini ya Amin likaishambulia Lubiri ya Kabaka hapo Mengo, na Mutesa akakimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Mtu wa mapatano alikuwa ameshakwisha. Aliyebaki hakuwa na mtu wa kupatana naye isipokuwa mwenye bunduki.

Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu Waingereza waizingire kambi ya Jinja, Amin alimpindua Obote akiwa mkutanoni Singapore. Obote akapata hifadhi Dar es Salaam, kwa Nyerere.

Yaliyofuata hatuna haja ya kuwasimulia, kila nyumba hapa ina ya kwake. Wazee wetu bado wanasema juu ya askari waliowaita bakombozi, walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 wakizungumza Kiswahili. Hao walikuwa JWTZ, jeshi lile lile lililoanzishwa kwa vijana wa chama baada ya aibu ya Colito. Kuna waliowapokea kwa vigelegele, kuna walioporwa nao, na mara nyingi ni watu wa mtaa mmoja. Na katika jamii yetu kuna waliolipa deni lisilo lao. Kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, Waislamu wa Ankole walishambuliwa na majirani zao mwaka huo, wakauawa wanawake na watoto ambao hawakuwahi kumwona Amin ila kwenye noti. Watoto wakituuliza kwa nini mzozo wa mishahara kambini Jinja uwahusu wao, tunawaonyesha njia hiyo hatua kwa hatua, kutoka kambini mpaka kwenye mlango wa bibi zao.

Obote alirudi madarakani Desemba 1980. Tarehe 27 Julai 1985 askari wake wenyewe walimpindua mara ya pili, wakiongozwa na maofisa wake akina Bazilio Okello, na urais ukashikwa na Tito Okello, mzee aliyeanzia kazi katika Keya. Mwaka huo huo, tarehe 5 Novemba, Nyerere aliondoka Ikulu kwa hiari yake na kumkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi.